Sura ya Sita: Hofu ya Miaka Minne

Tarehe 26 Agosti 1920, saa mbili asubuhi, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Bainbridge Colby, alitia saini hati iliyothibitisha kwamba Marekebisho ya 19 yamekuwa sehemu ya Katiba. Alitia saini nyumbani kwake, bila mpiga picha na bila kiongozi hata mmoja wa wanawake kuwapo. Haki iliyodaiwa tangu mkutano wa Seneca Falls wa mwaka 1848 ilikamilishwa kabla watu wengi hawajafika kazini.

Carrie Chapman Catt, aliyeongoza chama kikubwa kuliko vyote vya kudai kura, alipiga hesabu ya gharama. Zilihitajika kampeni 56 za kura ya maoni, ambamo wanaume peke yao ndio walioamua. Zilihitajika kampeni 480 za kuyabembeleza mabunge ya majimbo yakubali tu kulipeleka suala kwa wananchi. Mabunge 19 ya taifa, moja baada ya jingine, yaliombwa. Wanawake waliozaliwa vita hivyo vikiendelea walizeeka na kuzikwa kabla havijaisha.

Sasa kura ipo mkononi. Ifanye nini? Wapinzani walitabiri kwamba ndoa zitavunjika. Watetezi walitabiri kwamba siasa itatakata. Yaliyotokea hayakufanana na utabiri wa upande wowote. Kwa takriban miaka minne wanasiasa wa Marekani waliwaogopa wanawake, na katika miaka hiyo vyama vya wanawake vilipata sheria ambazo hazikuwahi kupitishwa kabla. Kisha hofu ikaisha, na sheria nazo zikaanza kuanguka. Sura hii inafuatilia miaka hiyo, hasa safari ya sheria moja ya afya ya mama na mtoto, kwa sababu ndani yake mna somo lote la nini kura inaweza na nini haiwezi.

Chama kilichokataa kuvunjwa

Catt hakungoja saini ya Colby. Miezi sita kabla, tarehe 14 Februari 1920, wajumbe wa chama chake walikutana Chicago na kuunda Ligi ya Wanawake Wapiga Kura. Rais wake wa kwanza alikuwa Maud Wood Park, mwanamke wa Boston aliyekuwa amesimamia ushawishi wa wanawake bungeni Washington.

Ligi haikuwa chama cha siasa na haikumuunga mkono mgombea yeyote. Wanachama walihimizwa kujiunga na vyama vya Republican au Democratic kadiri kila mmoja alivyopenda. Catt, hata hivyo, aliwapa tahadhari. Aliwaambia kwamba watakapoingia ndani ya vyama watapokewa vizuri barazani, lakini wataona kuna chumba cha ndani chenye mlango uliofungwa, na humo ndimo wagombea wanamopangwa na mambo kuamuliwa. Kazi yao ni kuufikia mlango huo.

Kazi ya kwanza ya Ligi ilikuwa ya kawaida kabisa: madarasa ya uraia. Mwanamke wa miaka 60 ambaye hajawahi kuingia kituo cha kupigia kura alifundishwa namna ya kujiandikisha, namna ya kuweka alama kwenye karatasi isiharibike, na tofauti kati ya kazi za diwani na za seneta. Wagombea nao waliandikiwa maswali, na majibu yao, au ukimya wao, yakatangazwa kwa wapiga kura.

Idadi ilikuwa tatizo tangu mwanzo. Chama cha kudai kura kilijivunia wanachama milioni 2. Ligi ilirithi sehemu ndogo tu ya hao. Wengi waliona kazi imekwisha, wakarudi majumbani, makazini au kwenye vyama vyao vya zamani. Kwa hiyo Novemba 1920 Park na wenzake walibuni mbinu ya kutumia nguvu za wengine. Mashirika 10 ya wanawake yaliunda kamati moja mjini Washington, Kamati ya Pamoja ya Wanawake kuhusu Bunge. Humo mlikuwa na Ligi yenyewe, shirikisho kubwa la vilabu vya wanawake, wanawake wa kupinga ulevi, chama cha wazazi na walimu, Ligi ya Taifa ya Walaji, na Ligi ya Vyama vya Wafanyakazi Wanawake. Shirika halikulazimishwa kuunga mkono muswada lisioutaka. Yale yaliyoutaka yaliunda kamati ndogo, yakagawana kazi, na kila moja likaamsha wanachama wake mikoani.

Park alikuwa na kanuni za mtu anayekwenda kumwona mbunge, alizozijaribu wakati wa kudai kura. Usimkaripie. Usimtishe. Usijigambe. Usikae muda mrefu hadi akuchoke. Usizungumzie mliyoongea ukiwa kwenye korido, kwenye lifti wala kwenye tramu, maana hujui nani yuko nyuma yako. Na zaidi ya yote, usitende neno litakalomfungia mlango mwenzako atakayekuja kesho. Kanuni hizi zinaonyesha kwamba wanawake hawa hawakuwa wageni wa siasa hata kidogo. Walikuwa wameisomea siasa miaka mingi wakiwa nje ya uzio.

Barua kutoka Wyoming

Suala walilolichagua kuwa la kwanza lilikuwa limeiva. Mwaka 1912 serikali ya taifa ilikuwa imeunda Ofisi ya Watoto, na mkuu wake, Julia Lathrop, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya namna hiyo Marekani. Alipewa watumishi 15 na dola 25,640 kwa mwaka. Kwa fedha hizo asingeweza kutibu mtoto hata mmoja, basi akaamua kuhesabu.

Maofisa wake walikwenda Johnstown, mji wa viwanda vya chuma Pennsylvania, wakabisha hodi nyumba hadi nyumba kwa akina mama waliojifungua mwaka 1911. Walikuta kwamba katika kata maskini kuliko zote, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 271 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika kata nyingine ya mji huohuo walikufa 50. Kipato cha baba kilipopanda, vifo vilishuka. Tangu hapo ikawa vigumu kusema kwamba watoto hufa kwa uzembe wa mama zao tu.

Utafiti mwingine wa Ofisi hiyo ulihusu akina mama wenyewe. Mwaka 1913 wanawake wasiopungua 15,000 walikufa Marekani kwa matatizo ya uzazi. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 44, ugonjwa pekee uliowaua wengi zaidi kuliko uzazi ulikuwa kifua kikuu.

Takwimu hizo zilikuwa na sauti za watu nyuma yake, kwa sababu akina mama walianza kuiandikia Ofisi. Mwaka 1914 ilikuwa imechapisha kijitabu cha malezi ya mtoto mchanga, na barua zikawa zinamiminika. Mmoja wa walioandika, mwaka 1916, alikuwa mke wa mfugaji huko Wyoming, mwenye miaka 37, mjamzito, anayeishi maili 65 kutoka kwa daktari, yaani zaidi ya kilomita 100. Watoto wake wawili wa kwanza walikuwa wakubwa mno wakati wa kuzaliwa. Majirani zake wengi walikufa wakijifungua, na yeye alijawa na hofu. Aliomba kijitabu. Lathrop alimpelekea, kisha akamtafutia msaada, pamoja na nguo za mtoto. Lakini ofisi ya serikali haiwezi kuendeshwa kwa kumchangia kila mama anayeandika barua. Ilihitajika sheria.

Kura ya wazi

Muswada wa kwanza uliletwa mwaka 1918 na Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Haukufika mbali. Uliletwa tena na Seneta Morris Sheppard wa Texas na Mbunge Horace Towner wa Iowa, na kwa majina yao ndio unakumbukwa hadi leo. Ulitaka serikali kuu iyape majimbo fedha za kliniki za mama na mtoto, wauguzi wa kutembelea majumbani na elimu ya uzazi, kwa sharti kwamba majimbo nayo yachangie. Hakuna aliyelazimishwa: jimbo lingeweza kukataa, na hakuna afisa aliyeruhusiwa kuingia nyumba ambayo wazazi wamemkatalia.

Mtetezi wake mkali kuliko wote alikuwa Florence Kelley wa Ligi ya Walaji. Huyu alikuwa binti wa mbunge, mwanasheria, na mkaguzi wa zamani wa viwanda wa Illinois. Mbele ya kamati ya Bunge hakubembeleza. Aliwauliza wabunge moja kwa moja kwa nini wanataka wanawake na watoto waendelee kufa. Watetezi walikuwa na hoja nyingine iliyowauma wabunge wa mashambani: serikali ilikuwa na wataalamu na bajeti ya kuchunguza magonjwa ya nguruwe na ng'ombe, lakini haikuwa na senti kwa mzazi.

Upinzani ulikuwa na sura za ajabu. Seneta James Reed wa Missouri alikejeli kwamba wanawake wasioolewa wa Ofisi ya Watoto wanataka kuwafundisha akina mama kulea. Na katika Baraza la Wawakilishi la wakati ule alikuwamo mwanamke mmoja tu, Alice Robertson wa Oklahoma, mwenye mkahawa mjini Muskogee. Robertson alikuwa amepinga wanawake kupewa kura, kisha akachaguliwa kwa uchaguzi uliowashirikisha. Alipofika Washington aliupinga muswada wa akina mama. Vyama vya wanawake vilijifunza mapema kwamba mwanamke bungeni na mtetezi wa wanawake bungeni si lazima wawe mtu mmoja.

Lakini mwaka 1921 hakuna mwanasiasa aliyejua wanawake watapigaje kura uchaguzi ujao. Warren Harding alikuwa ameahidi kulinda uzazi tangu Oktoba 1920, akiwa mgombea, mbele ya umati wa wanawake barazani kwake Marion, Ohio. Vilabu vya wanawake viliwaletea wabunge barua na telegramu kutoka kila wilaya. Seneti ilipitisha muswada kwa kura 63 dhidi ya 7, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 279 dhidi ya 39. Harding akautia saini tarehe 23 Novemba 1921. Seneta William Kenyon wa Iowa, aliyeuunga mkono, alieleza baadaye hali halisi: kama wabunge wangepiga kura kwa siri, muswada ungeuawa kwa wingi uleule ulioupitisha hadharani.

Ushindi mwingine ulifuata upesi. Hadi mwaka 1922, mwanamke wa Marekani aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake. Ethel Mackenzie wa California, aliyepigania kura katika jimbo lake, alinyimwa kujiandikisha kwa sababu mumewe alikuwa Mskoti, na Mahakama Kuu ya taifa ilibariki jambo hilo mwaka 1915. Sheria ya Cable ya Septemba 1922 ilitenganisha uraia wa mke na wa mume. Haikuwa kamili, kwa kuwa aliyeolewa na mwanamume wa Asia aliyenyimwa haki ya uraia aliendelea kuupoteza wake hadi mwaka 1931. Hata hivyo, ndani ya miaka miwili wanawake walikuwa wamegusa uraia, uzazi na ndoa.

Mkoba wa mkunga

Sheria ikipita, kazi inahamia kwa watu wengine kabisa. Grace Abbott wa Nebraska, aliyemrithi Lathrop mwaka 1921, alikuwa na dola zipatazo milioni 1.2 kwa mwaka kwa nchi nzima. Majimbo 45 kati ya 48 yalijiunga. Massachusetts, Connecticut na Illinois yalikataa, na Massachusetts ikaenda hadi Mahakama Kuu ya taifa kuipinga sheria, ikashindwa mwaka 1923.

Kazi ilifanyika kwenye kanisa la kijiji, kwenye darasa la shule siku ya Jumamosi, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo. Mtoto alipimwa uzito, mama akaelezwa kuhusu maziwa safi na maji yaliyochemshwa. Muuguzi wa wilaya alikwenda kwa gari pale barabara iliporuhusu, na kwa farasi pale ilipokatika. Katika miaka saba wauguzi walitembelea majumba zaidi ya mara milioni 3, mikutano ya afya zaidi ya 183,000 ikafanyika, na vituo vya kudumu vya mama na mtoto karibu 3,000 vikafunguliwa. Vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka karibu 76 kwa kila 1,000 mwaka 1921 hadi karibu 68 mwaka 1929. Si yote ni kazi ya sheria hii, maana hata usafi wa maziwa na maji ulikuwa unaimarika mijini, lakini vijijini hakukuwa na huduma nyingine ya kuilinganisha nayo.

Kusini mwa nchi, uzazi ulikuwa mikononi mwa wakunga, wengi wao wanawake weusi waliorithi kazi hiyo kwa mama na bibi zao. Fedha za sheria zilitumika kuwaandikisha na kuwafunza. Mkunga alitakiwa kuwa na mkoba, na muuguzi wa serikali aliukagua: aproni nyeupe iliyofuliwa na kupigwa pasi, kofia ya kufunika nywele, sabuni, brashi ya kucha, mkasi wa kuchemshwa, uzi safi wa kufungia kitovu, matone ya nitreti ya fedha ya kutia machoni mwa mtoto asipofuke, na fomu za kuandikisha kizazi. Ukaguzi mara nyingi ulifanyika kanisani, na masharti ya usafi yakaimbwa ili wasiojua kusoma wayashike.

Mkoba ule una pande mbili. Uliokoa macho ya watoto na maisha ya wazazi. Wakati huohuo ulimweka mkunga mzoefu chini ya muuguzi kijana wa kizungu mwenye uwezo wa kumnyang'anya kibali, na miti shamba yake, aliyoiamini yeye na wateja wake, ikapigwa marufuku kuwekwa humo. Wanawake waliotunga sheria hii Washington waliwafikiria wakunga kama watu wa kurekebishwa. Ni nadra waliwauliza kitu.

Wasioogopwa

Hapa inabidi kusema ni wanawake gani hasa waliopata kura mwaka 1920. Katika majimbo ya Kusini, kodi ya kichwa, mitihani ya kusoma iliyotungwa ili watu washindwe, na vitisho vya wazi viliwazuia wanawake weusi kama vilivyokuwa vimewazuia waume zao. Februari 1921, Addie Hunton aliongoza wanawake weusi 60 kwenda kwa Alice Paul, kiongozi wa Chama cha Taifa cha Wanawake, wakamwomba chama chake kidai utekelezaji wa Marekebisho ya 19 kwao pia. Paul aliliona hilo kuwa suala la rangi, si la jinsia, na mkutano wake haukulichukua.

Mwaka uliofuata ulionyesha gharama ya jibu hilo. Mary Talbert wa Buffalo, aliyewahi kuongoza shirikisho la taifa la wanawake weusi, aliwakusanya wenzake katika kampeni ya kukomesha mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Lengo lilikuwa kuunganisha wanawake milioni 1, kila mmoja akichanga angalau dola 1. Walikuwa na mitandao ya makanisa, vilabu na shule, na walijua kuhutubia, kuandika na kuchangisha kama Park na wenzake. Muswada wa Mbunge Leonidas Dyer, uliotaka mauaji hayo yawe kosa la taifa, ulipita Baraza la Wawakilishi Januari 1922 kwa kura 231 dhidi ya 119. Desemba, maseneta wa Kusini waliuzuia Seneti kwa hotuba zisizokwisha mpaka ukaondolewa.

Linganisha miswada hii miwili. Wa akina mama na wa Dyer yote ililetwa bungeni katika miaka ileile, na nyuma ya yote walisimama wanawake waliojipanga vizuri. Maseneta wa Kusini waliogopa kupoteza kura za akina mama wazungu, lakini wanawake weusi wa majimbo yao hawakuwa na kura ya kuwanyima. Asiyeweza kukuondoa madarakani hakutishi, hata akija na hoja ya haki. Marekani ilipata sheria ya taifa dhidi ya mauaji hayo mwaka 2022, miaka 100 baada ya kampeni ya Talbert.

Siku ya tatu

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpiga kura mwanamke alipokewa kwa heshima za mgeni katika uchaguzi wa 1920 na wa 1922. Kufikia 1924 wanasiasa walikuwa wamemzoea.

Walikuwa wamehesabu. Illinois ilihesabu kura za wanawake kando mwaka 1920, na wachambuzi walikadiria kwamba kitaifa ni kama theluthi moja tu ya wanawake wenye haki waliopiga kura. Mwaka 1923 wasomi wawili wa Chicago, Charles Merriam na Harold Gosnell, waliwahoji maelfu ya watu ambao hawakupiga kura katika uchaguzi wa meya. Wengi walikuwa wanawake, na wapo waliosema wazi kwamba kura si jambo la mwanamke. Na wale waliopiga walifuata chama, tabaka, dini na mkoa wao, kama wanaume. Hakukuwa na jeshi moja la akina mama linalongoja kumwadhibu mbunge.

Isitoshe, vyama vyenyewe viligawanyika. Alice Paul alileta mwaka 1923 pendekezo la marekebisho ya Katiba ya kufuta tofauti zote za kisheria kati ya mwanamume na mwanamke. Florence Kelley aliyaona kama balaa, kwa kuwa yangefuta sheria za saa za kazi na mishahara ya wanawake viwandani alizozipigania miaka 30. Aprili mwaka huohuo Mahakama Kuu ya taifa ilibatilisha sheria ya kima cha chini cha mshahara wa wanawake ya Washington, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba Marekebisho ya 19 yamewafanya wanawake karibu sawa na wanaume, basi hawahitaji ulinzi. Kura iliyotafutwa ili kumlinda mfanyakazi ikatumika kumvua ulinzi.

Pigo kubwa lilikuja kwenye ajira ya watoto. Mahakama ilikuwa imebatilisha sheria mbili za taifa, mwaka 1918 na 1922. Wanawake wakaomba Katiba yenyewe ibadilishwe, na Bunge likakubali mwaka 1924. Yalibaki majimbo. Massachusetts ikapiga kura ya maoni Novemba. Wenye viwanda walieneza hoja kwamba serikali kuu itamkataza mtoto wa mkulima kukamua ng'ombe na binti kumsaidia mama yake kuosha vyombo. Kardinali wa Boston naye alipinga. Marekebisho yalikataliwa kwa karibu kura tatu dhidi ya moja, na kwa kuwa wanawake walipiga kura siku ile, kila mwanasiasa nchini alielewa ujumbe.

Katika miaka hiyohiyo wapinzani hawakujificha. Mchoro uliotayarishwa na mkutubi wa Wizara ya Vita uliyaonyesha mashirika ya wanawake, pamoja na Kamati ya Pamoja, kama utando wa buibui wa Wakomunisti. Wizara iliagiza nakala zake ziharibiwe, lakini gazeti la Henry Ford lilikuwa limeshauchapisha. Kelley, aliyewahi kutafsiri kitabu cha Engels ujanani, akawa shabaha rahisi. Chama cha Madaktari kiliita kliniki za serikali ujamaa. Wakati madaktari wa watoto walipoiunga mkono sheria mwaka 1922, chama chao kiliwakemea, na baadaye wakaunda chama chao wenyewe mwaka 1930. Hata Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, waliokuwa upande wa sheria mwanzoni, waligeuka.

Mwaka 1926 muda wa sheria ulipohitaji kuongezwa, maseneta wachache waliizuia kwa hotuba ndefu, na mmoja akaingiza kwenye kumbukumbu rasmi waraka mrefu wa wanawake wa mrengo wa kulia uliodai ni njama ya Moscow. Suluhu ilikuwa miaka miwili ya nyongeza, kisha kufutwa. Tarehe 30 Juni 1929 fedha zilikoma. Miezi minne baadaye soko la hisa likaporomoka, na akina mama maskini wakaingia kwenye miaka migumu kuliko yote bila kliniki ya taifa.

Kilichobaki

Ikiwa hadithi ingeishia hapo, wale waliosema kura ya wanawake haikuleta kitu wangekuwa na haki. Lakini sheria ilipokufa, watu walioifanyia kazi walibaki. Wauguzi walijua njia za vijijini. Idara za afya ya mtoto zilizoanzishwa majimboni kwa ajili ya fedha zile hazikufungwa zote. Akina Abbott walikuwa na mafaili ya kila wilaya.

Florence Kelley alikufa Februari 1932. Mwaka uliofuata Frances Perkins, aliyeanza kazi yake ya ukaguzi wa viwanda akiwa katika tawi la Ligi ya Walaji la New York, aliapishwa kuwa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ilipoandikwa, Abbott, Katharine Lenroot na daktari Martha Eliot wa Ofisi ya Watoto ndio waliotunga sehemu za watoto. Sehemu ya Tano ilirudisha fedha za mama na mtoto mwaka 1935, safari hii bila tarehe ya kufa. Mwaka 1938 sheria ya viwango vya kazi ilipiga marufuku sehemu kubwa ya ajira ya watoto viwandani, na Mahakama ikaikubali mwaka 1941. Marekebisho ya Katiba yaliyozikwa Massachusetts hayakuhitajika tena.

Kwa hiyo hukumu ya sura hii ni hii. Sheria ya mwaka 1921 ilipitishwa kwa hofu, na hofu ilipoisha ikaanza kuanguka. Sheria ya mwaka 1935 ilitungwa na watu waliokuwa tayari wameifanya kazi hiyo kwa miaka saba na wanajua inagharimu kiasi gani. Kura iliwapa wanawake wa Marekani nafasi ya miaka minne ya kusikilizwa, na walioitumia vizuri ni wale walioitumia kujenga ofisi, kufunza wauguzi na kuweka kumbukumbu. Waliofikiri kura yenyewe inatosha walibaki na karatasi. Na wale ambao haki hiyo ilikuwa imeandikwa tu, wakazuiwa kuitumia, walisubiri hadi sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka 1965 ndipo mlango wa kituo ulipofunguliwa kwao Kusini. Fedha za Sehemu ya Tano bado zinatolewa kila mwaka hadi leo.